Ventilo ya Kimya

Salamabila, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya Faida,

Jambo yako, dada yangu, na jambo ya nyumba yote. Sisi huku tuko wazima. Baba iko muzima, anakula, anakusalimia sana. Nakuandikia barua kama watu wa zamani sababu antene ya simu ilipigwa na radi na mpaka leo haijasema kitu. Namupa Ruphin wa pikipiki. Atangoja jibu yako na atarudi nayo.

Niko na shida ya studio. Unajua ordinateur yangu, ile kompyuta ninarekodia watu. Ndani yake kuko processeur, ndiyo kichwa chake, na kazi ikiwa nyingi inapata moto. Juu ya processeur kunakaa ka ventilo ka kuipuliza. Ventilo ikichoka, moto unapanda, mashini inajizima yenyewe, hata kama mutu iko katikati ya kuimba. Hii yangu imechoka. Na siku ikikubali kuzunguka, inalia mpaka mikro inakamata kelele yake kuliko sauti ya mutu.

Nakuomba unitafutie ingine kwa Alimasi, ule wa butiki ya vyombo vya umeme mu soko. Ibaridishe vizuri, Yaya, lakini zaidi ya yote iwe kimya. Za kimya ziko na mabawa mapana, zinazunguka polepole. Usiangalie nguvu ya upepo. Sikiliza. Weka sikio kabisa. Mashimo ine ya kuifungia nimeyachora nyuma ya hii karatasi, Alimasi apime.

Ni juu ya kwaya moja inataka kurekodi, na wana haraka. Usikawie, nakusihi. Na jichunge na huo uzito, usibebe ndoo ya mai.

Mudogo wako,
Iliasi


Salamabila, siku ileile

Shemeji Hemedi,

Ruphin atapita Lusangi mbele ya kufika Kasongo, ndiyo maana nimemupa barua mbili. Hii ni yako wewe. Faida asiione, na usimuambie hata neno.

Baba anakufa. Ni koo, tangu kiangazi. Daktari alimuangalia, akatikisa kichwa, akatupa dawa ya maumivu. Yeye aliyekuwa anaita azana inafika mpaka kule ku mashimo ya zahabu, leo akitaka mai lazima niweke sikio ku midomo yake. Shangazi ametuapisha wote kwamba Faida asijue. Sababu unaijua kuliko mimi. Mimba mbili zimeanguka, na ile ya pili ilianguka siku tulipomuambia habari ya Mama. Kwetu mwanamuke mwenye uzito hapewi habari ya kilio, na safari hii hakuna atakayethubutu.

Sasa, kuko jambo lingine. Jina ya mujukuu wa kwanza linatoka kwa babu. Anamuitia mutoto azana mu sikio, kisha anamutajia jina, mutoto anasikia wa kwanza, ndipo watu wengine wanaambiwa. Mbele ya hapo hakuna anayelijua. Baba ameelewa kwamba hatamuona huyu mutoto. Anataka nimurekodi, azana na jina, halafu mutoto awekewe mu sikio. Simu haikamati sauti yake, nimejaribu simu za mutaa muzima. Mikro ya studio inakamata, lakini inakamata na ventilo. Nilisimamisha ventilo na kidole. Mashini ikazima mbele hajamaliza bismillahi. Nikamuomba aniambie mimi hilo jina, nitalibeba. Akakataa na kichwa.

Nimemuandikia Faida kwamba ni juu ya kwaya. Kama gari yako imetoka mu matope, tafadhali rudi Kasongo, enda naye kwa Alimasi.

Iliasi


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja

Wewe Iliasi, mudogo wangu usiye na haya!

Mwaka muzima huniandikii, leo unanituma soko na tumbo hili mbele kama lori. Lakini nimeenda. Watu walinipisha njia wenyewe, hata wale vijana wa pikipiki wasiompisha mutu. Mume wangu bado amekwama Lusangi na karanga zake, matope yamekula gari mpaka mulango, kwa hiyo nimejiamulia peke yangu, na nimeamua vizuri.

Alimasi alinitolea mbili zinazoingia mu mashimo yako. Moja ni pana, mabawa kama masikio ya tembo. Ingine ndogo, nene, imekaza. Akaziwasha zote mbili na batri. Nikaweka sikio vile ulivyosema, kwanza hii, kisha ile. Kumbe zote ni kimya! Sikusikia hata moja. Unajua butiki yake imegusana ukuta na mashini ya kusaga unga, pale hata Alimasi mwenyewe ananiongelesha na mikono. Basi upande wa kimya hakuna tofauti, nikasema tutumie akili. Nikaweka mukono mbele yao. Ile pana, ndugu yangu, inapuliza kama mugonjwa anayepoza chai! Ile ndogo ilirusha karatasi za Alimasi chini na kitambaa changu cha kichwa karibu kiende nayo. Nikasema, hiyo ndiyo.

Alimasi akanipigia kelele: «Mama, hii pana ni ya mutu anayetaka kukaa karibu na mashini bila kuisikia!» Nikamujibu na miye kwa kelele: mudogo wangu iko na kwaya. Watu ishirini wanaopanua midomo mpaka Mungu anawasikia bila mikro. Kaventilo katawashinda wapi? Na nyumba ya mabati ya Salamabila unaijua, moto yake saa saba! Ukipata ile goigoi, mashini itakufia tena, kisha utasema Faida ndiye hakujua kuchagua. Alimasi ameongeza na dawa nyeupe ya kupaka katikati ya processeur na chuma chake, paka kidogo tu, si siagi.

Sasa muambie Baba hivi: mutoto anapiga teke kila azana ya alfajiri. Nasema anamutafuta babu yake. Atayarishe jina nzuri, na asinipe jina ya shangazi, namuomba kwa magoti! Na mbona haongezi hata neno kwenye barua yako? Zamani alikuwa anakaa nyuma yako anakusemesha mpaka karatasi inaisha. Amenikasirikia?

Yaya wako anayekupenda bure,
Faida


Lusangi, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja

Shemeji Iliasi,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaichoma. Gari iko palepale. Wanaume kumi na mbili walivuta jana, kamba ikakatika.

Leo Ruphin amepita na karatoni kutoka kwa Faida. Alikuwa ameifunga vibaya nyuma ya pikipiki. Nimeifungua, nikaona ventilo iko mupya, nzito, chuma kizuri. Mimi sijui vitu hivi, na hapa hakuna umeme wa kuijaribu. Nimeifunga tena na mpira na nimeizungushia mufuko wa plastiki juu ya mvua. Nadhani ni ile uliyotaka.

Musalimie Baba. Muambie nina haya kuwa mbali.

Hemedi


Salamabila, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja

Yaya Faida,

Ventilo imefika. Aksanti sana. Inabaridisha ajabu, processeur haipati moto hata nikiiwasha kutoka asubuhi mpaka jioni. Ni kimya kabisa. Kwaya walifurahi.

Baba hajakukasirikia. Iko na kazi nyingi siku hizi. Ameshika ile ventilo na mikono yake mwenyewe, akasema umechagua vizuri. Hiyo alisema kweli.

Kula samaki. Lala mapema.

Iliasi


Salamabila, siku ileile

Shemeji,

Baba alikufa jana mbele ya azuhuri. Tumemuzika jioni.

Nakuandikia vile ilivyokuwa sababu sina mutu mwingine wa kumuambia. Nilifunga ventilo siku Ruphin alipofika, nikaiwasha. Ee Hemedi, ililia! Ile ya zamani, mbele igome kabisa, ilikuwa inanung'unika. Hii inapiga kelele. Shangazi aliingia mbio akidhani ni pikipiki mu nyumba. Nilifunika mashini na blangeti, moto ikapanda, nikatoa. Niliweka godoro katikati, lakini waya wa mikro ni mufupi, na nilipouunga na waya wa redio ukaanza kuvuma wenyewe. Nikafikiri kumurudishia Ruphin akabadilishe. Ni siku ngapi kwenda, siku ngapi kurudi? Nilimuangalia Baba, nikajua hakuna.

Yeye aliniita na kidole. Akauliza, hiyo ni nini. Nikasema ni ventilo, Faida amekununulia. Wallahi nilisema hivyo, «amekununulia». Akaomba niisogeze. Akaweka mukono mbele yake, upepo ukampiga mu ndevu, akacheka. Akasema, mutoto wangu amechagua vizuri.

Akataka tuanze. Akaniambia nigeuke, nisisikilize. Nikageuka, nikaangalia mashini. Nyuma yangu sikusikia kitu, upepo tu. Alipomaliza alinigusa bega. Nilimuomba arudilie kesho asubuhi, mbele jua halijapasha mabati, nijaribu bila ventilo hata kwa dakika mbili. Akakubali: kesho. Kesho aliamka hana sauti yoyote, midomo tu, na azuhuri haikumukuta.

Rekodi iko. Ni mukanda wa upepo, na mu upepo Baba yuko. Nimesikiliza mpaka masikio yanauma, nimevunja na neno lake la nisisikilize, na bado sijapata jina. Faida asijue mpaka azae. Shangazi amesema hata kilio tulie ndani.

Iliasi


Kasongo, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja

Mudogo wangu,

Unaona? Faida akienda soko, soko inamujua. Nimeshawaambia majirani wote kwamba studio ya Salamabila inabaridi juu yangu. Hemedi amerudi hatimaye, amekonda, na tangu arudi ananiangalia kama mayai. Nikiinama kuokota kijiko anaruka. Nimemuambia aniache nipumue!

Nimewaza hivi: kiangazi kikifika, barabara ikikauka, nitapanda na mutoto mpaka Salamabila, Baba amuone. Na kama anataka kumuitia azana mbele ya hapo, si uko na studio? Murekodi! Na hiyo ventilo yangu ya kimya itatoka sauti safi kabisa, sauti yake ile ya zamani. Tumia kile nilichokununulia, usiwarekodie watu wa kwaya peke yao. Wazo nzuri ama hapana?

Ninaenda kuzaa wiki hii ama ijayo. Naogopa kidogo. Usimuambie Baba kwamba naogopa.

Faida


Kasongo, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili

Iliasi,

Mutoto amezaliwa. Ni mwanamuke, muzima, analia kwa nguvu. Faida iko muzima.

Nilingoja mpaka damu itulie. Jana nilimuambia. Nilisema yote kwa pamoja, sikujua kusema kidogokidogo. Hakulia mara ile. Aliuliza ni siku gani, akahesabu, kisha akauliza: «Na ile barua ya kwaya?» Nikasema hakukuwa na kwaya.

Ruphin alikuwa ameleta kadi yako yenye rekodi. Tuliiingiza mu simu, tukaweka sikioni kwa mutoto kama Baba alivyotaka, halafu Faida akasikiliza. Aliangalia simu, akaniuliza kama imeharibika. Nikasema haijaharibika. Akaniuliza, basi hii kelele ni ya nini?

Mimi niliifunga hiyo karatoni na mpira, shemeji, nikaihifadhi na mvua. Nimemuambia na hiyo.

Hemedi


Kasongo, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili

Iliasi,

Nimekukasirikia. Nimewakasirikia wote, wewe na shangazi na huyu bwana mwenye macho ya kondoo. Ungeniandikia neno moja. Si lazima useme anakufa! Ungesema tu, Yaya, ni juu ya mutu anayeongea polepole. Ningejua. Ningesimama pale kwa Alimasi mpaka wafunge ile mashini ya kusaga, ningelala pale. Uliniambia kwaya, nikachagulia kwaya.

Kisha hasira inaisha, nakumbuka zile mimba mbili, sijui tena ni nani nimukasirikie.

Ijumaa nilibeba mutoto mugongoni nikaenda kwa Alimasi. Hemedi alikataza, sikumusikia. Wakati watu wameenda kusali, mashini ya kusaga ilikuwa imezimwa, soko kimya. Nikamuambia awashe ile pana, bado iko nayo. Akawasha. Iliasi, nilisubiri ianze, na ilikuwa imeshaanza. Niliona mabawa yanazunguka na sikusikia kitu. Halafu akawasha ndugu ya ile niliyokutumia. Mutoto akashituka akalia. Alimasi aliangalia chini. Hakusema «nilikuambia», na ningefurahi angesema.

Amejaribu kunisafishia rekodi na ordinateur yake. Akipunguza ventilo, Baba naye anapungua. Akiitoa yote, na Baba ameenda. Anasema sauti zao ziko pamoja, urefu mumoja, haziachani. Azana naipata vipandevipande, sababu naijua. Kisha anapumua, kisha kuko neno, moja ama mawili, kisha basi. Ni hapo jina iko.

Watu walikuja kwa akika, wakakula mbuzi, wakauliza jina. Nikasema bado. Mama mukwe amenuna. Hemedi amesema tuchague jina lingine, mutoto hawezi kukaa hivi. Nikamuambia jina analo!

Nakuuliza kitu kimoja, nijibu kweli, usinidanganye tena hata juu ya huruma. Wakati anataja jina, uliona midomo yake? Ilifungana? Kama ilifungana, kuko M ama B ama P, na mimi ninaweza kuanzia hapo. Kama ilibaki wazi nitajua si Mariamu, si Bahati. Niambie tu ilifungana ama haikufungana.

Faida


Salamabila, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili

Yaya,

Sikuona. Aliniambia nigeuke nikageuka. Nilikuwa naangalia ile namba ya moto ku ordinateur, isipande, mashini isizime kabla hajamaliza. Haikupanda. Nilimuuliza na shangazi, yeye alikuwa ku jiko.

Ningegeuka kidogo tu, Yaya. Hakuna aliyenishika shingo. Nilimuheshimu Baba, na sasa sijui kama nilifanya vizuri.

Hakuna lingine ninalojua. Nimefikiri usiku na mchana kama kuko kitu nimesahau, hakuna. Alicheka juu ya upepo, akasema umechagua vizuri, akaongea, akanigusa bega. Ordinateur inaendelea kufanya kazi. Haijazima hata mara moja tangu siku ile. Nimeacha kuirekodia watu, lakini sitoi ventilo.

Nisamehe.

Iliasi


Kasongo, tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili

Mudogo wangu,

Nimepata barua yako. Nimelia, nimemaliza, nimepika sombe, maisha iko hivyo. Usiseme nisamehe. Ni mimi niliweka mukono mahali pa kuweka sikio.

Wiki hii nimeacha kutafuta. Alimasi alitaka kujaribu tena, nikamuambia aache, atakuja kuivuruga hata hicho kidogo kilichobaki. Hemedi anamuita mutoto Mama, shangazi ameagiza tumuite jina yake yeye, ndiyo, umesikia vizuri, jina yake! Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nizae.

Jioni mutoto akisumbua namuwekea rekodi sikioni. Ananyamaza mara moja. Anafungua macho makubwa, anasikiliza mpaka mwisho, hata pale penye lile neno, halafu analala. Akiamka narudilia. Mama mukwe anasema watoto wote wanapenda kelele ya upepo. Labda.

Lakini Baba alitaka mutoto asikie wa kwanza, mbele yetu sisi wote, na amesikia. Tuliobaki nyuma ni sisi. Kwa hiyo sitamupa jina lingine. Nitangoja aanze kusema, nimuulize.

Faida